Jina Kabla ya Salamu

Shida zangu zilianza mwaka 1958, nikiwa na miaka tisa. Mwaka huo ng'ombe wa baba walikufa kwa ndigana, mmoja baada ya mwingine, mpaka zizi likabaki samadi tupu. Baba akaenda kubeba marobota kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, mama akabaki na jembe, mimi nikatolewa shule. Nilikuwa darasa la tatu. Darasa la nne sikuliona, nasema wazi, na wala siombi mtu anionee huruma. Watu wenye shahada wameniletea redio zao zikiwa kimya, wakaondoka nazo zinaongea.

Nilichunga ng'ombe wa watu miaka mitano. Nilipofika kumi na minne nikaenda misheni moja kando ya ziwa kuomba kazi ya kufagia. Huko nikampata Bruda.

Bruda alikuwa mtawa kutoka ng'ambo, nchi ya baridi, mtu mrefu mwenye masikio makubwa na vidole vyembamba. Alitunza jenereta, pampu, gari, na simu ya upepo, ile redio ambayo misheni iliongelea na zahanati za visiwani. Mimi nilifagia karakana yake. Siku moja alinikuta nimeifungua redio mbovu na kuirudishia, na bado mbovu. Nilijua nimefukuzwa. Akaitazama, akasema:

"Umeirudisha sawasawa. Sasa geuka ukutani, uniambie ndani kuna nini na kimekaa upande gani."

Nikageuka ukutani nikamwambia kila kitu, mpaka skrubu iliyokuwa na kutu. Kuanzia siku hiyo ufagio alipewa mtu mwingine.

Alinifundisha kulehemu kwa chuma kilichopashwa kwenye mkaa. Alinifundisha kusoma mistari ya rangi kwenye vipuri vidogo kama punje za mtama. Alinifundisha Morse, ile lugha ya milio mifupi na mirefu, kwa kugonga kijiko kwenye bilauri wakati wa chai. Naye akajifunza kwetu. Bibi waliokuja kuchukua dawa walimfundisha salamu za Kisukuma, tena zote, si nusu. Huwezi kumwambia bibi wa Kisukuma "habari" halafu ukaendelea na shughuli zako. Mdogo huanza salamu, mkubwa huitikia, kisha huuliza: ng'wa nani? Yaani, wewe ni wa nani? Hapo ndipo unataja ukoo wako. Kumtupia mkubwa jina lako kabla hajakuuliza ni kama kuingia nyumba ya watu bila hodi ukakaa kwenye kiti cha baba. Bruda alilishika hilo kuliko vijana wetu wa mjini.

Jioni, kazi ikiisha, Bruda alikuwa na redio yake mwenyewe. Hiyo ilikuwa redio ya ridhaa. Nieleze, maana wengi hawaijui. Ni redio ya kuongea na watu usiowajua, nchi usizozijua, bila biashara na bila siasa, kwa kupenda tu. Lakini si ya kila mtu. Lazima ufanye mtihani, serikali ikupe leseni, na kwenye leseni kuna herufi na tarakimu chache ambazo duniani ni zako peke yako. Hilo ndilo jina lako la hewani. Ukifungua mdomo bila kulitaja, wewe ni mwizi wa hewa.

Mimi niliongea kwenye redio ya misheni miaka ishirini na zaidi. Nilijua dalili za mvua kwa mlio wake. Lakini daima Bruda alifungua kwa jina la kituo, mimi nikasema ya katikati, yeye akafunga. La kwangu sikuwa nalo. Enzi zile, tena baada ya vita vya Kagera, mtu wa kawaida akikutwa na redio ya kurushia sauti aliulizwa maswali mengi kuliko aliyekutwa na ng'ombe wa wizi.

Mwaka 1990 wakubwa wake wakamwita nyumbani. Alikuwa amezeeka. Nikamsindikiza stesheni ya treni Mwanza na sanduku lake la bati. Nikanyoosha mkono kumuaga, akauficha wake mfukoni.

"Sikuagi," akasema. "Utaniita hewani kwa jina lako mwenyewe. Siku hiyo ndiyo tutaagana."

"Bruda, mimi wa darasa la tatu nitapewa jina na nani?"

"Hilo si swali la umeme," akasema, akapanda treni.

Nikabaki pale na mkono wangu kama mtu anayepima mvua. Mengine yote niliyofanya miaka tisa iliyofuata, msomaji, yalitokana na mkono huo.

Zikaja siku za ruksa. Mitumba ikajaa, vitu vikaingia, mtu akaruhusiwa kununua na kuuza. Nikatoka misheni, nikafungua karakana Igogo, hapo Mwanza mjini, chumba kimoja chenye dirisha linalotazama upande wa Butimba. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinafunguliwa, na mitumbwi yao mikubwa ilitaka simu za upepo. Nani alizijua? Mimi. Nikajenga. Nikaoa mke mwenye darasa la saba, mchuuzi wa dagaa, mwenye mdomo. Huyo ndiye aliyenisomea kitabu cha mtihani wa leseni. Kilikuwa cha Kiingereza, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini yeye alitaja maneno na mimi nikatazama michoro, na kati ya maneno yake na michoro yangu tukaelewana na kitabu.

"Hapa wanasema sijui mawimbi yanaruka juu yanagonga kitu yanarudi," anasema.

"Yanagonga anga. Endelea."

"Anga lina dari?"

"Lina dari. Endelea, mke wangu."

Mwaka 1996 nikapanda treni mpaka Dar es Salaam kufanya mtihani. Karani akanikaribisha vizuri, akachukua fomu.

"Shikamoo mzee. Elimu yako?"

"Marahaba. La tatu."

"Kidato cha tatu," akasema akiandika.

"Andika vizuri, mwanangu. Darasa. Kidato sikukiona hata mlango wake."

Akaweka kalamu chini. "Sasa mzee, mtihani huu una hesabu za umeme."

"Umeme niulize. Hesabu nitazikuta hukohuko ndani."

Nilifaulu. Sikufaulu sana, lakini nilifaulu. Moja ya maswali niliyopata, likumbuke hili, lilikuwa: opereta anapoanza kuongea, jambo la kwanza analopaswa kulitaja ni lipi? Jibu: jina lake la hewani. Nilijibu sawa kabisa.

Leseni ilipofika kwa posta niliiweka kwenye fremu ya kioo, nikaipigilia ukutani mwa karakana, juu ya jiko la mkaa la kupashia chuma, ili kila mteja aione. Nikamwandikia Bruda. Jibu lake lilichukua miezi miwili. Alifurahi, lakini habari haikuwa nzuri. Sasa alikaa nyumba ya watawa wazee, ghorofa ya tatu, na wenye nyumba hawakutaka antena juu ya paa. Redio yake kubwa alikuwa ameigawa. Alibakiwa na ya mkononi tu, ndogo kama mche wa sabuni, inayofika mtaa wa pili basi. "Ukipata njia ya kufika mtaa wangu wa pili," aliandika, "nitakusikia."

Utaniuliza mbona sikumpigia simu. Simu hata mtu aliyelewa anapiga. Ahadi yetu ilikuwa hewani, kwa jina langu.

Njia ilipatikana mwaka 1999, Butimba. Kulikuwa na mhandisi mstaafu, Mhaya kutoka Kagera, msomi wa nchi tatu, naye ana leseni ya redio ya ridhaa. Tulijuana kwa kuwa mimi ndiye niliyemtengenezea redio zake, ingawa hakupenda kulisema hilo mbele ya wageni. Huyo alikuwa ameunganisha redio na kompyuta, na kompyuta na laini ya simu ya intaneti. Akanichorea kwenye vumbi la meza yangu. Mimi Igogo naongea kwenye redio ndogo ya mkononi, antena yake Butimba inadaka, kompyuta yake inaisukuma sauti kwenye intaneti, inatokea ng'ambo kwenye kompyuta ya wenzao, nayo inairusha hewani mtaani kwao. Nikaweka kidole kwenye mstari wa mwisho.

"Mtaa wa pili," nikasema.

"Nini?"

"Hakuna. Nipe hiyo njia."

"Si ya kupewa tu, bwana fundi. Wenye mtandao wanataka kuona leseni. Watumiwe fotokopi kwa faksi, waikague, ndipo nikupe tarakimu za siri za kufungulia. Asiye na leseni haingii. Unayo, au ulinitania?"

Nikamwonyesha ukutani. Akasogea, akavaa miwani, akavua miwani.

"Hii ni leseni au ni chungu cha maharage?"

Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Miaka mitatu juu ya jiko la mkaa! Moshi ulikuwa umepenya chini ya kioo, karatasi ilikuwa ya kahawia kama chai ya rangi, na muhuri ulionekana kama kivuli cha nzi. Mimi nilikuwa naiona safi kila siku kwa sababu nilijua kilichoandikwa. Tulijaribu fotokopi hata hivyo. Ikatoka nyeusi. Ng'ambo wakajibu kwamba wamepokea picha ya usiku.

Mke wangu akaichukua, akaitandika mezani. Akachukua ugali uliolala, akaufinyanga tonge kavu, akaanza kuipangusa karatasi taratibu, kidogo kidogo, akitupa tonge likiwa jeusi na kufinyanga jingine. Alifanya hivyo mchana kutwa. Herufi za jina langu la hewani zikajitokeza, halafu tarehe, mwisho muhuri.

"Ulipanda treni siku tatu kwenda kuchukua karatasi hii," akasema, "ukaja ukaikausha kama sangara."

Fotokopi ya pili ilikubaliwa. Baada ya wiki mbili mhandisi akaja na kijikaratasi chenye tarakimu. Akanionya: sauti kwenye intaneti hukawia, sekunde tatu nne, kwa hiyo ukisema, achia kitufe, subiri. Na huko ng'ambo yuko mama mmoja msimamizi, mtu wa kanuni, anayesikiliza njia yote. Nikamwambia kanuni nilizifanyia mtihani.

Tukampangia Bruda kwa barua pepe ya mhandisi: Jumamosi, saa kumi alasiri ya kwetu. Siku hiyo nilivaa shati la kanisani. Mke wangu alikaa mlangoni na ungo wa dagaa akichambua, ili asikose. Nikasimama dirishani, nikaelekeza redio Butimba, nikabonyeza tarakimu. Mlio ukajibu. Halafu sauti ikatoka, imekwaruzwa kidogo, imezeeka, lakini ni yeye, anataja jina lake la hewani na kusema yuko tayari.

Nilikuwa na miaka hamsini. Nilikuwa nimeongea na watu wa hewani kutoka kila upande tangu nipate leseni, na wote niliwatajia jina langu kwanza bila shida yoyote, kwa kuwa hao hawakuwa wakubwa zangu. Huyu alikuwa mkubwa wangu. Mdomo ulifanya alichoufundisha mama.

"Mwadila, baba," nikasema, ambayo ndiyo salamu yetu ya alasiri. Nikaachia kitufe, nikasubiri aitikie, aniulize mimi ni wa nani, nimtajie jina langu, lile nililolifuata Dar es Salaam.

Kimya. Sekunde tatu nne zilikuwa zimepita, labda zaidi. Nikadhani hakusikia, maana masikio yake yalikuwa yamechoka.

"Mwadila, baba!"

Kimya.

"MWADILA, BABA!"

Mlio mfupi ukatoka, njia ikafungwa.

"Umesalimia ukuta," mke wangu akasema.

Kabla jua halijafika ziwani, mhandisi alikuwa mlangoni kwangu na barua pepe mkononi. Yule mama msimamizi alikuwa amesikia sauti isiyojitambulisha, kwa lugha asiyoijua, ikirudia mara tatu na kumfunika mzee kila alipotaka kuitikia. Akaona ni mtu asiye na leseni ameiba tarakimu. Akafunga. Na hakunifungia mimi tu, alifunga njia yote ya Butimba mpaka maelezo yatolewe.

"Bwana fundi, umenifungia nje ya nyumba yangu mwenyewe!" mhandisi akasema. "Sentensi moja! Jina lako, halafu ongea upendavyo. Lakini ninyi Wasukuma mnasalimiana mpaka jua linazama."

"Na ninyi Wahaya mnajitaja kabla hamjaulizwa, na shahada juu yake."

"Ndiyo maana sisi hatufungiwi!"

Mke wangu akacheka mpaka dagaa wakamwagika. Mimi sikucheka. Mhandisi akataka niandike barua ya kuomba radhi, yeye aitafsiri. Nikamwambia maelezo nitatoa, radhi siombi. Nimwombe nani radhi kwa kumsalimia mzee? Akaondoka ananung'unika kwa Kihaya, na nafikiri haikuwa salamu.

Wiki tatu nilikaa hivyo. Nilifanya kazi, nilikula, nililala, na fremu ukutani ilikuwa tupu kwa kuwa leseni ilikuwa kabatini imefungwa kwenye kitambaa. Wiki ya tatu mhandisi akarudi, safari hii bila kelele. Akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Wameandika kutoka nyumba ya watawa," akasema. "Mzee wako amehamishiwa chumba cha wagonjwa. Hajambo, lakini ndiyo hivyo. Redio yake amekwenda nayo."

Nilijua maana ya "ndiyo hivyo". Mke wangu pia alijua. Alisubiri mgeni aondoke, akanigeukia.

"Kanuni uliivunja au hukuivunja?"

"Niliivunja."

"Uliijua?"

"Niliijibu kwenye mtihani."

"Basi omba radhi kwa kanuni. Salamu usiiombee radhi. Ni vitu viwili, wewe umevifunga kwenye mzigo mmoja halafu unalalamika ni mzito."

Nasema wazi: mimi ni fundi, nimetenganisha nyaya za kila rangi, lakini hizo mbili alizitenganisha yeye.

Niliandika kwa mkono wangu, herufi kubwa, Kiswahili, ukurasa mmoja. Nilimwambia yule mama kwamba nilivunja kanuni ninayoijua, na kwa hilo naomba radhi yake na ya mhandisi aliyenipa dhamana. Halafu nikamweleza kwa nini. Kwamba kwetu jina halitangulii mbele ya mzee, linangoja kuulizwa. Kwamba sauti aliyoisikia haikuwa ya mwizi, ilikuwa ya mtu anayebisha hodi mlangoni pa baba yake. Kwamba salamu hiyo siiombei radhi. Mhandisi aliitafsiri chini yake. Alipofika kwenye hilo la mwisho alinitazama juu ya miwani, nami nikamtazama, akaliandika.

Jibu lilikuja baada ya siku nne, fupi. Njia ya Butimba imefunguliwa. Fundi anaruhusiwa. Huku kwetu jina kwanza, tafadhali. Na chini yake mstari mmoja: barua yako nimeipeleka mwenyewe kwa mzee, nikamsomea, amecheka mpaka muuguzi akaja.

Jumamosi hiyo niliandika jina langu la hewani kwa chaki ukutani, juu ya dirisha, kana kwamba ningelisahau. Sikuwa na hofu ya kulisahau. Nilikuwa na hofu kwamba nitalitaja, na kwamba nikilitaja nitamwingilia mzee mgonjwa bila hodi. Mke wangu alikuwa mlangoni na ungo wake. Mhandisi naye alikuja, akasema anapita tu, ingawa kutoka Butimba hakuna anayepita kwangu kwa bahati mbaya. Saa kumi nikabonyeza tarakimu. Mlio ukajibu. Nikavuta pumzi, kidole kwenye kitufe.

Kabla sijakibonyeza, sauti ikatoka. Ilikuwa ndogo kuliko mara ya kwanza. Akataja jina lake la hewani, vizuri, kwa kanuni. Halafu, bila kusalimiwa na mtu yeyote, akasema:

"Ng'wa nani? Wewe unayebisha hapo nje, wewe ni wa nani?"

Alikuwa ameniuliza kwanza. Mkubwa, ameruka salamu yake mwenyewe, amejishusha kama mtu asiye na adabu, ili mimi nipate mahali pa kuweka jina langu bila kukosa heshima. Muda wote ule nilikuwa nikitafuta mlango kwa nje, kumbe ulikuwa unafunguliwa kwa ndani.

Nikabonyeza kitufe. Nikataja jina langu la hewani, herufi kwa herufi, tarakimu kwa tarakimu, polepole, kama alivyonifundisha kwa kijiko na bilauri. Nikaachia. Moja, mbili, tatu, nne.

"Nimekusikia," akasema. "Sasa salimia, mtoto wa watu."

"Mwadila, baba."

"Mwadila."

Akauliza mvua. Nikamwambia zimenyesha. Akauliza ziwa, nikamwambia magugumaji yamepungua kidogo lakini bado yanafunga gati. Akauliza ng'ombe, nikamwambia nimeanza, ninao watatu. Akauliza kama antena yangu nimeilehemu kwa risasi au kwa kiburi.

"Nusu kwa nusu," nikasema.

Mhandisi akaomba redio, akajitaja jina, akamsalimia kwa Kiswahili kirefu cha Kihaya, akamweleza alisoma wapi. Mke wangu akanong'ona, "Unaona? Na shahada juu yake." Halafu naye akashikishwa redio, akaogopa kitu kidogo vile, akaniangalia, akasema tu, "Shikamoo baba," kwa sauti ya kanisani. Marahaba ikamfikia baada ya sekunde nne, akacheka kama amepewa zawadi. Yule mama msimamizi alikuwa anasikiliza muda wote. Mke wangu hana leseni, na kanuni inasema aongee nikiwa nimesimama naye. Nilikuwa nimesimama naye.

Mwisho Bruda akasema, "Basi. Sasa naweza kukuaga."

"Hapana, Bruda," nikamwambia. "Jumamosi ijayo."

Nikasikia akicheka kule mbali. "Umekuwa mjanja. Jumamosi ijayo."

Tuliongea Jumamosi nyingi. Kila Jumamosi aliuliza mimi ni wa nani, kila Jumamosi nilimwambia, na kila Jumamosi tuliahirisha kuagana. Mara nyingine alisinzia katikati, nami nikamsubiri, na yule mama akatuacha tukae kimya kwenye njia yake, jambo ambalo kanuni haisemi. Kisha Jumamosi moja, baada ya mlio, ikatoka sauti ya kike, ya yule mama msimamizi. Alitaja jina lake la hewani, akataja langu. Halafu kwa ulimi mzito wa kigeni, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, akasema, "Mwadila."

Nikaitikia. Mengine alimweleza mhandisi kwa Kiingereza, naye akanitafsiria, ingawa nilikuwa nimeelewa tangu salamu. Mzee alikuwa amemfundisha neno hilo mwenyewe, alisema, na kumwambia siku ya kulitumia.

Hatukuagana, Bruda na mimi. Stesheni alikataa yeye, hewani nilikataa mimi. Tuko sawa.

Mambo yalibadilika baadaye. Simu za mkononi zikaja, watu wakaacha simu za upepo, nikahamia kutengeneza majokofu na taa za jua. Sikulalamika. Mtu aliyeanza na zizi tupu hachagui kazi.

Leo nina nyumba ya vyumba vitano Igogo, ya bati, choo ndani. Nina karakana ya milango miwili na mafundi wanne. Nina kiwanja Nyakato, kimepimwa. Nina ng'ombe kumi na saba, wanachungwa na mdogo wangu, wameogeshwa wote. Nina mitumbwi miwili na injini moja. Nina mke, yuleyule. Nina chuma cha kulehemu cha Bruda, mpini nimebadilisha mara mbili. Nina redio ndogo ya mkononi, betri mpya. Nina leseni, hai, imelipiwa, iko ukutani mbali na jiko.